Kutoka Butiama hadi Kipawa: Historia ya Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere katika Msamiati wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kiwanja kikuu cha ndege cha Tanzania kipo Kipawa, takribani kilomita 12 kusini-magharibi mwa kitovu cha Dar es Salaam. Kinabeba jina la mtu aliyezaliwa Butiama, mkoani Mara, umbali wa kilomita zipatazo 800 kwa mstari wa angani. Wasafiri wengi hulitamka jina hilo kila siku bila kulitafakari, na hali ni hiyo hiyo kwa maneno mengine yanayosikika mahali hapo: ndege, rubani, abiria, nauli, shehena, forodha. Hata hivyo, kila moja ya maneno hayo lilipata kuwa na maana nyingine kabla ya kufika kiwanjani, na njia liliyopita ni sehemu ya historia ya kiwanja chenyewe.

Historia za viwanja vya ndege huandikwa kwa kawaida na wahandisi na wachumi, ambao hupima urefu wa njia za kurukia na idadi ya abiria. Vipimo hivyo ni muhimu, na baadhi yake vitatajwa hapa. Mhadhara huu, hata hivyo, unakusudia kuonyesha jambo ambalo vipimo peke yake haviwezi kulionyesha. Wasemaji wa Kiswahili walikwisha kukipokea kiwanja cha ndege katika lugha yao mapema, kwa maneno ya bahari, ya nchi kavu na ya viumbe hai, ilhali taasisi yenyewe iliendelea kujitambulisha kwa Kiingereza. Kupewa kwa kiwanja hicho jina la Nyerere kumeifanya tofauti hiyo ionekane wazi zaidi, na kumeacha deni la kiisimu ambalo bado halijalipwa lote.

Ufafanuzi mmoja unahitajika mwanzoni. Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani, kisha ya Waingereza, kisha ya Tanganyika huru. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji na kutambuliwa kwa sheria kuwa makao makuu ya nchi. Kwa hiyo kiwanja cha Kipawa kilijengwa kuwa mlango wa makao makuu, na kimeendelea kuwa mlango mkuu wa nchi hata baada ya makao makuu kuhama.

2.0 Ziwa Kabla ya Uwanja

Usafiri wa anga wa kimataifa ulio na ratiba haukuanzia pwani katika nchi hii. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways ilianzisha safari kutoka London kuelekea Afrika Mashariki, na kituo cha mwisho cha safari hizo kilikuwa Mwanza. Sehemu ya njia hiyo, kupitia Khartoum hadi Kisumu na Mwanza, ilihudumiwa na ndege zenye umbo la mashua, zilizotua na kuruka majini. Mzigo mkuu ulikuwa barua. Musoma ipo kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, baina ya Kisumu na Mwanza. Kwa hiyo watu wa ufuo huo waliishi kando ya njia ya ndege za kimataifa miaka mingi kabla Kipawa haijawa na jengo la abiria.

Mpango huo wa awali haukudumu. Mwaka 1932 njia iliendelezwa hadi Cape Town, na badala ya kuishia Mwanza ikageukia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Dodoma, ambayo leo inajengewa kiwanja kipya cha kimataifa, ilikuwa basi kituo cha safari za kimataifa tangu wakati huo. Mwaka 1937 njia ilibadilika tena: ndege kubwa za majini zilitoka Kisumu kwenda Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, kisha zikaendelea kusini. Huko Dar es Salaam zilitua katika maji ya bandari, mahali pale pale palipotia nanga meli na majahazi.

Jambo hili lina uzito kwa mwanaisimu. Katika Kiswahili wingi wa neno uwanja ni nyanja au viwanja, na katika lugha kadhaa za Kanda ya Ziwa neno nyanza lina maana ya ziwa au maji mapana. Kufanana huko kwa sauti si uthibitisho wa asili moja, na haifai kujenga hoja juu yake. Lakini ukweli wa kihistoria unabaki kwamba kwa wakazi wa Kisumu na Mwanza, na baadaye wa Dar es Salaam, uwanja wa kwanza wa ndege kubwa ulikuwa maji. Si ajabu basi kwamba wasemaji walipotafuta maneno ya chombo hiki kipya, walitazama kwanza chombo walichokifahamu, yaani kile cha majini.

3.0 Maneno Yaliyofika Kabla ya Majengo

3.1 Ndege

Neno ndege ni la Kibantu, na maana yake ya asili ni kiumbe mwenye mbawa. Neno eropleni lilipata kutumika pia, na kamusi zimelihifadhi, lakini halikuweza kushindana na neno lililokwisha kuwamo katika lugha. Sarufi ya Kiswahili ililipokea jukumu hili jipya kwa utaratibu wa kuvutia. Umbo la neno halikubadilika hata kidogo, bali upatanisho wa kisarufi ndio uliobadilika. Ndege huyu ametua ni kiumbe. Ndege hii imetua ni chombo. Msemaji hahitaji kivumishi wala maelezo ya ziada, kwa kuwa kiambishi kimoja kinatosha kutenga chenye uhai na kilichoundwa kiwandani. Mtoto wa Butiama au wa Bunda anayejifunza Kiswahili huimudu tofauti hiyo kabla hajafundishwa jina lake shuleni.

Mbinu hiyo haikuwa ya Kiswahili pekee. Katika Kiganda, ng'ambo ya ziwa, neno ennyonyi lina maana ya kiumbe na pia ya chombo. Lakini lugha nyingine zilifuata njia tofauti: ziliacha neno lao liendelee kumtaja kiumbe, na kwa ajili ya chombo zikaazima neno la Kiswahili. Katika Kikuyu kiumbe ni nyoni na chombo ni ndege. Katika Kijaluo, ambacho husemwa pia Rorya mkoani Mara, kiumbe ni winyo na chombo ni ndege. Hivyo neno la Kiswahili lilivuka mipaka ya familia za lugha likiwa na maana mpya tu, bila ya ile ya kale. Huu ni ushahidi kwamba katika Afrika Mashariki chombo hiki kilienea pamoja na jina lake la Kiswahili, hata pale ambapo wenye kukimiliki walisema Kiingereza.

3.2 Maneno ya bahari

Kundi la pili ni la maneno yaliyotoka majini. Rubani linatokana na Kiarabu, na lilimtaja mtu anayeongoza chombo cha baharini, hasa anayejua njia ya kuingilia bandarini. Abiria linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuvuka. Nauli lilikuwa malipo ya kusafiri au kusafirisha mizigo katika chombo cha majini. Shehena ilikuwa mizigo ya jahazi, na forodha ilikuwa mahali pa kupakulia mizigo hiyo na kuitoza ushuru. Hata kitenzi egesha, ambacho leo kimezaa maegesho ya magari na ya ndege, kilihusu kusogeza chombo hadi kigusane na gati au ufuo. Maneno haya yote yalihamia angani bila kubadilishwa umbo, na leo ni watu wachache wanaoyasikia kuwa ni sitiari.

3.3 Maneno ya nchi kavu

Kwa kuwa maneno mengi yalitoka baharini, ingetarajiwa kwamba mahali penyewe pangeitwa bandari. Lugha nyingi za Ulaya zimefanya hivyo: jina la mahali hapa katika Kiingereza, Kifaransa na Kireno limeundwa kwa neno lenye maana ya bandari. Kiswahili, lugha yenye historia ndefu ya bandari kuliko nyingi za bara hili, kilikataa njia hiyo. Kikachagua uwanja, yaani eneo wazi lililosafishwa, mbele ya nyumba au katikati ya mji, mahali ambapo watu hukutana, ngoma huchezwa na nafaka huanikwa. Kiganda nacho kikafanya uchaguzi huo huo, kwa neno ekisaawe.

Sababu yake inaweza kupatikana katika viwanja vya awali. Mbali na ile mialo ya ndege za majini, kiwanja cha ndege katika miji mingi ya bara kilikuwa eneo lililofyekwa na kusawazishwa, lenye nyasi au changarawe. Wanakijiji walikiita kwa jina la kile walichokiona. Vitenzi navyo vilitoka katika maisha ya kawaida: kuruka na kupaa ni vya viumbe, ilhali kutua ni kitendo cha kuweka mzigo chini, cha ndege kushuka tawini na cha jua kuzama. Kwa hiyo msamiati wa usafiri wa anga katika Kiswahili una asili mbili zilizounganishwa vizuri: watu na mizigo wametoka baharini, lakini ardhi wanayoikanyaga ni ya nyumbani.

4.0 Kiwanja cha Kipawa na Huduma Zake

Dar es Salaam ilipata kiwanja chake cha Kipawa katika kipindi cha mwisho cha utawala wa Waingereza, na jengo la kwanza la abiria ni la miaka ya 1950. Kwa miaka mingi kiwanja hicho kilikuwa kidogo kwa hadhi kikilinganishwa na cha Nairobi. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza kazi mwaka 1946, lilikuwa na kitovu chake Nairobi, na kiwanja cha Embakasi kilichofunguliwa mwaka 1958 ndicho kilichopokea safari nyingi za mbali. Mwaka 1971 Tanzania ilifungua kiwanja cha kimataifa cha Kilimanjaro ili watalii wafike moja kwa moja kaskazini mwa nchi.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la pamoja likafa, na Tanzania ikaanzisha shirika lake la ndege. Mpaka na Kenya ulifungwa hadi mwaka 1983. Kwa watu wa Mara, ambao mpaka huo upo Sirari na ambao Kisumu ilikuwa jirani yao wa ziwani, kufungwa huko kulimaanisha kwamba njia ya kwenda ulimwenguni haikupitia tena kaskazini. Ilibidi ipite Dar es Salaam. Katika mazingira hayo ndipo lilipojengwa jengo la pili la abiria, lililosanifiwa na msanifu wa Ufaransa Paul Andreu na kukamilika mwaka 1984. Hatua iliyofuata ilikuwa jengo la tatu, lililozinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 1 Agosti 2019, lenye uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Baada ya hapo safari za kimataifa zilihamia jengo hilo. Upanuzi wa kiwanja ulikuwa na gharama kwa jirani zake pia, kwani kaya za Kipawa na mitaa ya karibu zilihamishwa ili kuupisha.

Njia kuu ya kurukia na kutua ina urefu wa mita 3,000, na huitwa 05/23. Tarakimu hizo hutokana na dira: njia inaelekea nyuzi zipatazo 50 upande mmoja na 230 upande wa pili, kisha sifuri ya mwisho huachwa. Njia ya pili, 14/32, ina urefu wa mita 1,000 na hufaa kwa ndege ndogo. Kuna mnara wa kuongozea ndege, ofisi za uhamiaji na forodha, na maeneo ya shehena. Tangu mwaka 1999 viwanja vya Tanzania Bara husimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, na usalama wa anga upo chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, iliyoundwa mwaka 2003.

Katika orodha hiyo ya huduma upo ushindani wa maneno unaostahili kuzingatiwa. Jengo la abiria na teminali huishi pamoja. Teminali limetoholewa kwa kufuata kanuni za silabi za Kiswahili, na hakuna sababu ya kulilaumu. Lakini maneno hayo mawili hayasemi jambo moja. Teminali, kwa asili yake, ni mwisho wa njia. Jengo la abiria linamtaja mtu ambaye jengo limejengwa kwa ajili yake.

5.0 Jina Kutoka Butiama

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, na baadaye akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Barabara itokayo mjini kwenda Pugu hupita Kipawa; zamani iliitwa Barabara ya Pugu na sasa ni Barabara ya Nyerere. Mwanzoni mwa mwaka 1955 TANU ilimtuma New York kuitetea Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na nauli yake ikapatikana kwa michango. Neno la mabaharia lilikuwa limekwisha kuwa neno la siasa ya uhuru.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwili wake ulipokelewa Dar es Salaam tarehe 18 Oktoba, ukaagwa na taifa, ukapelekwa Musoma na kisha Butiama, ambako alizikwa tarehe 23 Oktoba. Kenya ilikuwa imekipa kiwanja cha Embakasi jina la Jomo Kenyatta mwaka 1978, mwaka uleule aliofariki. Tanzania ilikawia kidogo: kufikia mwishoni mwa mwaka 2006 kiwanja cha Dar es Salaam kilikuwa kimepewa rasmi jina la Julius Nyerere. Zanzibar ikafuata mwaka 2010 kwa kukiita kiwanja chake Abeid Amani Karume. Entebbe, kwa upande wake, imebaki na jina la mahali.

Jina lililochaguliwa linastahili kuchambuliwa kama neno lolote. Julius ni jina la ubatizo, alilolipata mwaka 1943 akiwa mtu mzima. Nyerere ni jina la baba yake, mtemi wa Wazanaki, na waandishi wa wasifu wake wameeleza kuwa katika Kizanaki lina maana ya viwavi, kwa kumbukumbu ya mwaka wa uvamizi wa wadudu hao. Jina alilopewa yeye mwenyewe utotoni ni Kambarage, ambalo huelezwa kuwa ni la mzimu unaohusishwa na mvua. Kiwanja cha ndege, ambacho kazi yake yote inategemea hali ya anga, kimeliacha jina la mvua.

Aidha, kimeacha neno Mwalimu. Makumbusho yaliyofunguliwa Butiama mwaka 1999 yana neno hilo katika jina lake, na chuo kikuu cha kilimo na teknolojia kilichopewa jina lake huko huko kinalo pia. Kwa watu wengi wa Tanzania neno hilo si cheo tena bali ni jina lake hasa. Mwisho, jina lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya jengo la tatu limo ndani ya kirai cha Kiingereza, na watumishi na wasafiri wengi hulifupisha kwa herufi nne za mwanzo za kirai hicho. Katika herufi hizo, Nyerere anabaki kuwa N.

Huyu ndiye mtu aliyelihutubia Bunge kwa Kiswahili tarehe 10 Desemba 1962, miaka kadhaa baada ya TANU kuanza kuieneza siasa yake kwa lugha hiyo. Ndiye pia aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, na toleo la mwaka 1969 la mojawapo likaitwa Juliasi Kaizari, jina la Kirumi likiwa limevikwa silabi za Kiswahili. Alionyesha kwa vitendo kwamba jambo geni linaweza kuingia katika Kiswahili kwa heshima, likafuata kanuni za mwenyeji wake.

6.0 Musoma, Bunda na Dodoma

Ni vyema kulitazama jina hilo pia kutoka kule lilikotoka. Musoma, ambayo jina lake huelezwa kuwa linatokana na neno la Kikwaya lenye maana ya rasi, ina kiwanja chake ndani ya mji, karibu na ziwa. Kwa miongo mingi njia yake ya kurukia ilikuwa ya changarawe, hadi Serikali ilipoanza kazi ya kuijenga kwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2020. Katika kipindi hicho kirefu, msafiri wa Butiama au Musoma aliyetaka ndege kubwa alipanda basi, akapita Bunda, akasafiri hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Watu walioupa uwanja mkuu wa nchi jina lake ndio waliokuwa mbali zaidi na huduma zake.

Msafiri wa namna hiyo alipofika hatimaye Kipawa, hakuwa mgeni wa msamiati. Alimjua rubani, alilipa nauli, aliitwa abiria. Ugeni ulianza pale ambapo maelekezo muhimu yalisomeka kwanza, au vizuri zaidi, kwa lugha asiyoisoma. Suala hili si la fahari ya lugha peke yake. Katika mahali ambapo mtu hutakiwa kujaza fomu, kuelewa sheria za forodha na kufuata maelekezo ya usalama kwa haraka, lugha ni huduma sawa na mnara na njia ya kurukia.

Nafasi ya kulitatua kwa ukamilifu imepatikana Dodoma. Tarehe 30 Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la kiwanja cha kimataifa cha Msalato, kaskazini mwa jiji hilo, chenye njia iliyosanifiwa kuwa na urefu wa mita 3,600 na jengo la kuhudumia abiria milioni 1.5 kwa mwaka. Kiwanja kinachojengwa kuanzia ardhini kinaweza kupangiwa lugha tangu kwenye michoro: majina ya majengo, mabango, matangazo na fomu. Kazi hiyo ni rahisi zaidi kabla saruji haijakauka.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba historia ya kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam ina tabaka mbili. Tabaka la kwanza ni la taasisi: njia za Imperial Airways, shirika la pamoja lililovunjika mwaka 1977, na majengo matatu ya abiria. Tabaka la pili ni la wasemaji, ambao bila kamati wala bajeti walimtoa rubani baharini, wakaipa mashine jina la kiumbe na kuitenganisha naye kwa kiambishi, wakaliita eneo zima uwanja, kama ule wa mbele ya nyumba zao.

Tabaka hizi mbili zilikutana mwaka 2006, kiwanja kilipopewa jina la mtu aliyeamini kwamba shughuli za taifa zinaweza kuendeshwa kwa Kiswahili. Jina la mtu huwa heshima kamili linapoandamana na kazi yake. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kazi iliyobaki ni ya kawaida na inafanyika: kukusanya maneno yanayotumiwa na wapakiaji mizigo, wahudumu, marubani na abiria, kuyalinganisha na yaliyomo katika kamusi na katika nyaraka za mamlaka, na kupendekeza yale ambayo watu wamekwisha kuyakubali. Msamiati huo upo tayari, kwa kuwa wenye lugha walianza kuuandaa tangu ndege za kwanza zilipotua ziwani.